Kozi ipi itamfikisha mwanao kwenye mashine za hospitali?

Hebu, msomaji mpenzi, jiweke katika wodi ya kina mama usiku wa manane. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia amelazwa ndani ya inkubeta, kile kisanduku kinachompa joto ambalo mwili wake mdogo hauwezi kujitafutia. Daktari amekwisha kufanya yake. Muuguzi anapita kila baada ya muda akichungulia. Mara stima inapotea, inarudi kwa kishindo, na kisanduku kinazima kabisa. Muuguzi anabonyeza hapa, anachomeka pale. Wapi!

Wakati huo si daktari anayehitajika. Anayehitajika ni mtu anayejua ni kitu gani kimeungua ndani ya mashine ile na namna ya kukibadilisha kabla mtoto hajapoa. Na ikiwa mtu huyo anakaa Nairobi, basi usiku huo ndio utakapokumbuka kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kazi ya mtu huyo ndiyo inayoitwa uhandisi wa tiba, au bayomedikali kama wasemavyo vyuoni. Ni kazi ya kubuni, kufunga, kupima na kutengeneza mashine ambazo daktari na muuguzi huzitegemea. Siku hizi vijana wengi wa Meru na Embu wanaipenda. Lakini matokeo ya KCSE yanapotoka na wakati wa kuchagua kozi ukifika, nyumba nyingi huingiwa na utata. Kijana anataka mashine za hospitali. Mbele yake kuna orodha ndefu ya uhandisi wa umeme, wa makanika, wa kompyuta, wa kemikali, na pengine huo wa tiba wenyewe. Achague upi?

Si swali la kuchezea. Shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka mitano. Kwa mzazi wa Manyatta au Imenti, hiyo ni bonasi ya majani chai ya miaka mitano. Kwa wa Igembe ni miraa, kwa wa Mbeere ni muguka na mbuzi. Kozi ikichaguliwa vibaya, si karo peke yake inayopotea. Kijana mwenyewe hurudi nyumbani na cheti ambacho hajui akibishe mlango gani.

MASHINE ZIPO, WATU WAKO WAPI?

Mnamo Februari 2015 serikali ya kitaifa ilizindua mradi mkubwa wa kukodi mitambo ya tiba. Hospitali 98 ziliorodheshwa, angalau mbili katika kila kaunti, zipate mashine za eksirei, za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, za vyumba vya upasuaji na za wagonjwa mahututi. Meru na Embu hazikuachwa nje. Lakini kamati ya Seneti iliyouchunguza mradi huo ilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya mashine zilikaa bila kufanya kazi kwa kukosa wataalamu au miundomsingi ya kuziwezesha.

Wala si Kenya pekee. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walichapisha hesabu ya vifaa vya hospitali katika nchi 16 zisizo na uwezo mkubwa. Karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi mbaya wa vifaa na miundombinu duni.

Chukua mfano mdogo tu. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Mashine iliyotengenezewa Marekani huwa ya volti 120. Msamaria mwema akiileta kama zawadi na mtu akaichomeka ukutani bila kusoma kibandiko chake, huenda ikafa papo hapo. Mhandisi angesoma kibandiko kwanza, kisha akatafuta transfoma.

Kwa hiyo kazi ipo, tena ya maana. Linalobaki ni kuijua njia.

KAZI KWANZA, KOZI BAADAYE

Kosa la kwanza ambalo wazazi na vijana hulifanya ni kuanza na jina la kozi. Anza na kazi. Mketishe mwanao na umuulize: ukijiona miaka kumi ijayo, unafanya nini asubuhi? Majibu huwa ya namna nne hivi.

Mmoja atasema anajiona hospitalini, kisanduku cha vifaa mkononi, akiitwa wodi hii na ile. Huyo ataka kutunza na kutengeneza.

Wa pili anajiona kiwandani au katika maabara, akiunda mashine ambayo haijawahi kuwapo. Huyo ni mbunifu.

Wa tatu anajiona akifanya kazi na kampuni inayouza mitambo, akisafiri kuifunga na kuwafunza wauguzi kuitumia. Huyo anahitaji ufundi na ulimi pia.

Wa nne anavutiwa na mwili wenyewe: miguu ya bandia, vali za moyo, vyuma vya kuungia mifupa. Huyo ataka sayansi ya mwili na ya malighafi kwa pamoja.

Watu hawa wanne wote huitwa wahandisi wa tiba, lakini si lazima wapitie mlango mmoja. Ukishajua mwanao ni yupi, orodha ile ndefu itaanza kupungua.

KILA TAWI NA MASHINE ZAKE

Uhandisi wa umeme na elektroniki ndio mlango mpana kuliko yote. Mashine ya kuchora mapigo ya moyo, ile inayomtazama mgonjwa mahututi usiku kucha, eksirei, na ile ya kuangalia mtoto tumboni kwa mawimbi ya sauti, zote ni umeme mtupu.

Tena kuna kisa ambacho sisi tuliozoea stima kupotea tutakielewa haraka. Mnamo Oktoba 1957 stima ilipotea katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, na mtoto aliyekuwa akitegemea mashine ya moyo iliyochomekwa ukutani akafariki. Daktari wake, Walton Lillehei, alimwendea Earl Bakken, mhandisi wa umeme aliyekuwa akitengeneza vifaa vya hospitali katika gareji. Baada ya majuma manne hivi Bakken alirudi na kifaa kidogo cha betri ambacho mgonjwa angeweza kukivaa. Mtu huyu hakuwa amesomea kozi iitwayo uhandisi wa tiba. Aliujua umeme, na mlango wa hospitali ulikuwa wazi kwake.

Uhandisi wa makanika nao una mashine zake. Mashine ya kupumulia ni pampu, vali na mipira ya hewa. Mtambo wa kuchemshia vifaa vya upasuaji ni chungu cha mvuke kinachofikia nyuzi 121 au zaidi chini ya shinikizo kubwa. Mtambo wa oksijeni huvuta hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, ukaichuja naitrojeni hadi oksijeni ifikie asilimia 90 na ushei. Vitanda vya upasuaji na miguu ya bandia pia ni kazi ya mwanamakanika.

Mekatroniki huchanganya makanika, elektroniki na kompyuta. Hufundishwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri. Ukiitazama mashine ya kisasa ya kusafisha damu, yenye pampu, vipimo na skrini, utaona mara moja kwa nini kijana wa mekatroniki hawezi kupotea hospitalini.

Kompyuta nayo imeingia wodini. Kijana wa Uganda Brian Gitta, aliyesomea kompyuta, aliongoza kundi lililounda Matibabu, kifaa cha kutafuta malaria kwa kumulika kidole bila kutoa damu. Mwaka 2018 alishinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Uhandisi wa kemikali, unaofundishwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, watu huusahau. Lakini mgonjwa wa figo akisafishwa damu mara moja, mashine hutumia zaidi ya lita 100 za maji, na maji hayo lazima yawe yamechujwa mpaka yakawa safi kuliko ya kunywa. Anayeelewa michujo na kemikali ana nafasi yake hapo.

KOZI YENYEWE YA TIBA

Utauliza, "Kwani si ni rahisi kuchagua kozi yenye jina hilo hilo?"

Kozi zipo. Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa shahada ya uhandisi wa tiba, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina kozi za fani hiyo pia. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi husoma umeme na makanika huku akisoma jinsi moyo, mapafu na neva zinavyofanya kazi, na hujifunza lugha ya madaktari mapema. Aliyekata shauri kabisa kwamba maisha yake ni hospitali, na akapata alama, asiogope kuichagua.

Lakini pima pande zote mbili. Anayesoma mambo mengi kwa pamoja huenda akagusa kila kimoja juu juu. Na nafasi za kazi zikiwa haba katika hospitali za kaunti, mwenye shahada ya umeme anaweza kuanza na kampuni ya stima, ya simu au kiwanda cha majani chai huku akisubiri, ilhali mwenye ya tiba atalazimika kueleza kwanza alisomea nini. Kwa upande mwingine, aliyeanza na umeme au makanika anaweza kuongeza shahada ya pili ya uhandisi wa tiba baadaye, maana vyuo vingi duniani huwapokea wahitimu wa matawi hayo.

Rai ya mwandishi huyu ni hii. Kama mwanao hana shaka na amepata nafasi katika kozi ya tiba inayotambuliwa, aishike. Kama ana shaka hata kidogo, au amekosa nafasi hiyo, achukue umeme na elektroniki, na miradi yake yote ya chuoni aielekeze kwenye mashine za hospitali. Kama mikono yake inapenda vyuma kuliko nyaya, achukue makanika. Asikae nyumbani mwaka mzima akilia kwa sababu jina la kozi halikuwa lile alilolitaka. Mchagua jembe si mkulima.

Ushahidi wa hayo ulionekana wakati wa korona. Mnamo Aprili 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionyesha mashine ya kupumulia waliyoiita Tiba-Vent. Haikuundwa na watu wa kozi moja. Wa uhandisi walikaa meza moja na wa udaktari na uuguzi, kila mmoja akileta alichokijua.

DIPLOMA SI AIBU

Sasa niseme na wewe mzazi ambaye mwanao hakupata C+. Usimfokee, wala usimwambie kwamba ndoto imekufa. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, hutoa diploma ya uhandisi wa tiba ya miaka mitatu, na kwa kawaida wenye gredi ya C huweza kuomba wakiwa na alama nzuri katika masomo husika. Wengi wa wanaoshika bisibisi katika hospitali zetu wamepitia njia hiyo. Tahadhari moja tu: KMTC ina kampasi Meru na Embu, lakini si kila kampasi hufundisha kila kozi. Uliza kozi hii inafundishwa wapi kabla ya kupanga nauli na malazi.

Na ukisikia jirani akiidharau diploma, msimulie habari za Godfrey Hounsfield. Alilelewa shambani nchini Uingereza, na masomo yake ya uhandisi yaliishia kwenye diploma ya umeme kutoka Faraday House, London. Huyo ndiye aliyeunda mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kwanza katika hospitali moja ya London. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, yeye pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini.

FIZIKIA, FIZIKIA!

Mlango wa uhandisi haufungwi chuoni. Hufungwa shuleni, aghalabu bila mzazi kujua. Katika mfumo wa 8-4-4 wanafunzi wengi huiacha fizikia wanapoingia Kidato cha Tatu kwa kuogopa kuvuta alama chini. Bila fizikia, hisabati na kemikali zilizopita vizuri, hakuna uhandisi wa aina yoyote wa shahada. Wale wa mtaala wa umilisi nao huchagua mkondo wanapoingia Gredi ya 10. Anayetaka mashine za hospitali ashike mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na ahakikishe fizikia na hisabati zimo katika masomo yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hapa mabinti huumizwa zaidi. Bado wapo wanaoambiwa, "Mwanangu, fizikia ni ya wavulana, wewe soma uuguzi." Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini asisukumwe huko kwa sababu ni msichana. Jirani zetu wa Uganda wana mhandisi wa umeme Philippa Makobore, wa taasisi ya utafiti wa viwanda mjini Kampala, aliyeongoza kundi lililobuni kifaa cha kudhibiti kasi ya dripu inayoingia katika mshipa wa mgonjwa. Dripu ikienda mbio kupita kiasi huweza kumuua mtoto. Hilo aliliona, na umeme aliousomea ukamsaidia kulitatua.

MASWALI MATANO KABLA YA KUCHAGUA

Kabla mwanao hajaingiza chaguo lake katika mtandao wa KUCCPS, tafuta majibu ya maswali haya.

Kwanza, kozi hii inatambuliwa? Kwa shahada, uliza Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011. Kwa diploma na kozi za teknolojia, ipo bodi ya KETRB, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Katika miaka ya 2010 kulikuwa na mvutano mkali kati ya bodi ya wahandisi na vyuo vikuu kadhaa, na vijana waliokaa darasani miaka mitano wakajikuta hawasajiliwi. Usikubali kuambiwa "itatambuliwa karibuni". Ulizia leo.

Pili, chuo kina maabara ya kozi hiyo, au kina picha za maabara kwenye ukuta tu?

Tatu, wanafunzi hupelekwa hospitali gani kwa mazoezi, na kwa muda gani?

Nne, masomo gani ya KCSE huhesabiwa, na mwanao ana alama gani katika kila moja?

Tano, je, mwenye diploma hii anaweza kuendelea hadi shahada bila kuanza mwanzo? Na mwenye shahada ajue kwamba safari haiishii siku ya joho. Sheria inamtaka awe na angalau miaka mitatu ya kazi kabla ya kuitwa mhandisi kamili.

NENDENI MKAONE

La mwisho halina karo. Kabla ya uamuzi, mpeleke mwanao akaone kazi yenyewe. Kote kutoka Embu hadi Meru kuna hospitali kubwa: ile ya rufaa ya Embu, Chogoria iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1922, Consolata ya Nkubu, ile ya rufaa ya Meru, na ukipanda Nyambene utaikuta ya Kimethodisti ya Maua. Iendee iliyo karibu nawe, uwaamkue wakubwa kwa heshima, ueleze haja yako, na uombe kijana aruhusiwe kukaa na mafundi wa mashine siku moja au mbili. Wakikataa, jaribu kwingine.

Siku hiyo moja itamfunza mengi. Ataona mikono yenye grisi na karatasi za kuagiza vipuri ambavyo havijafika. Ataona fundi akiitwa wodini wakati wa chakula cha mchana. Akirudi jioni amechoka lakini bado anasimulia mpaka ugali unapoa, basi unajua. Akirudi kimya na kusema kazi ile si yake, mshukuru pia. Amekuokolea miaka mitano na bonasi zake zote.

Ama kuhusu yule mtoto tuliyemwacha ndani ya inkubeta usiku wa manane, watoto kama yeye watazaliwa kesho na kesho kutwa, Meru na Embu. Atakayeitwa mashine itakapozima huenda leo amekaa mezani kwako, kalamu mkononi, akisubiri umsaidie kuchagua.